Yorktown 1781: Marekani ilijipatia uhuru au ilipewa na Mfaransa?

#1 Mpiga Soga wa Ilala
Wakuu, salaam. Kila ikifika Julai 4 Wamarekani wanarusha fataki kama vile walimtoa Mwingereza kwa mikono yao wenyewe. Nimesoma habari za Yorktown, kule Virginia, na naleta hoja moja tu: uhuru ule aliuleta Mfaransa, Washington, jemadari wa Wamarekani, alikuwa mgeni rasmi.

Hesabu hizi hapa. Mji unaanza kuzingirwa tarehe 28 Septemba 1781. Washington ana watu kama 9,000, na 3,000 kati yao ni wanamgambo wa Virginia. Jenerali Rochambeau ana Wafaransa karibu 8,000, askari wa kazi hasa. Mizinga mizito ya kubomolea ngome imeletwa na meli za Kifaransa kutoka Newport. Mhandisi mkuu wa Washington mwenyewe, Duportail, ni Mfaransa. Baharini ndiyo usiseme, manowari zote zilizoziba mlango wa ghuba ya Chesapeake ni za Admirali de Grasse. Mwingereza, Jenerali Cornwallis, yuko ndani na watu zaidi ya 7,000, nyuma yake mto York, mbele yake mahandaki. Oktoba 19 kasalimu amri.

Ukihesabu na mabaharia, Wafaransa walikuwa wengi kuliko Wamarekani. Mfaransa kapiga kona, Mmarekani kaweka kichwa tu. Nani abishe?

#2 Kijiwe Nongwa
Nakaa hapa. Kahawa iko jikoni.

#3 Mwalimu Daftari
Mleta uzi, aliyeweka kichwa ndiye anayeandikwa ubaoni, hilo unalijua.

Takwimu zako sina ugomvi nazo sana, ila umeruka sehemu tamu. Barua ya de Grasse ilimfikia Washington Agosti 14: nakuja Chesapeake, nitakaa mpaka katikati ya Oktoba, baada ya hapo naondoka. Kwa miezi mingi Washington alikuwa ameng'ang'ania kuipiga New York. Rochambeau ndiye aliyekuwa akimwandikia de Grasse chinichini kwamba Chesapeake ni bora zaidi. Hapo nakupa nusu pointi.

Lakini baada ya barua ile, jamaa alibadili mpango mzima ndani ya siku chache. Kuanzia Agosti 19 majeshi yalishuka kutoka kandokando ya New York hadi Virginia, zaidi ya kilomita 600, na jemadari wa Waingereza pale New York, Sir Henry Clinton, hakushtuka mpaka Septemba imeanza. Kule Chatham, New Jersey, zilijengwa tanuri za mikate ili majasusi waripoti kwamba jeshi linajiandaa kukaa palepale. Hiyo ni akili ya kivita, mgeni rasmi haifanyi.

#4 Nahodha Mstaafu
Mnabishana habari za nchi kavu wakati mambo yaliishia majini.

Septemba 5, 1781, nje ya mlango wa Chesapeake. Admirali Graves wa Uingereza anatokea na manowari 19. De Grasse yuko ndani ya ghuba, katia nanga, watu wake karibu 1,900 wako nchi kavu kwa shughuli nyingine. Anasubiri maji yaanze kupwa, halafu anakata nanga na kutoka na manowari 24, moja moja, mstari umekatikakatika. Sasa Graves yuko upande wa joshi, upepo ni wake. Nahodha yeyote mwenye haraka angewarukia wale wa mbele kabla wenzao hawajatoka. Yeye akakaa kupanga mstari wake uwe mzuri.

Halafu akapandisha bendera mbili zinazopingana, moja inasema sogeleeni adui, nyingine inasema kaeni kwenye mstari. Admirali Hood aliyekuwa nyuma akafuata ile ya mstari, meli zake karibu hazikupigana kabisa. Hakuna meli iliyozama siku ile. Moja, Terrible, ilivuja mno hata Waingereza wenyewe wakaichoma siku chache baadaye. Wakabaki wanaelea wanatazamana, na huku nyuma Admirali Barras wa Ufaransa akapenya kutoka Newport na ile mizinga aliyoitaja mleta uzi. Graves akarudi New York kutengeneza meli.

Handaki la kwanza la Yorktown lilichimbwa Oktoba 6. Mwezi mzima kabla ya hapo Cornwallis alikuwa ameshashindwa, ila hakuambiwa.

#5 Mpiga Soga wa Ilala
Shikamoo mzee Nahodha. Umenisaidia bila kujua, kwa sababu hapo majini hakuna Mmarekani hata mmoja!

#6 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Sikukusaidia. Nimesema Graves alishindwa, sijasema Mfaransa alishinda. Yasome tena.

#7 Dokta wa Kata
Naomba nilete mshindani wa tatu: mbu.

Msicheke kwanza. Cornwallis alikuwa Kusini tangu 1780, Carolina zote mbili, nchi ya majaruba ya mpunga na madimbwi. Homa zilimsumbua yeye na askari wake msimu wa joto wa 1780. Mwaka uliofuata akaja Virginia, akakaa Yorktown kuanzia mwanzo wa Agosti, kando ya mto na vinamasi, kipindi kibaya kabisa cha mwaka. Zipo tafiti za wanahistoria wa magonjwa zinazosema jeshi lake lililiwa na malaria kabla halijaliwa na mizinga. Siku ya kusalimu amri waliokuwa wazima wa kusimama kazini ni kama 3,200 tu, katika jeshi la zaidi ya 7,000.

Dawa ilikuwepo, gome la mkwinini. Lakini mikwinini ilikuwa Peru na milima ya Andes, mali ya Mhispania, na Mhispania alikuwa vitani upande wa Ufaransa tangu 1779. Mwingereza alipata gome kwa shida na kwa bei ya kuruka.

#8 Kijiwe Nongwa
Kwa hiyo pale Yorktown ilitakiwa sanamu ya mbu dume, upanga mkononi.

#9 Dokta wa Kata
Mbu jike. Dume haumi mtu.

#10 Mwalimu Daftari
Dokta, mbu hana uraia. Washington na Rochambeau walikuwa kwenye vinamasi hivyohivyo. Mbona wao hawakulala?

#11 Dokta wa Kata
Mwalimu, swali zuri, na jibu ni kalenda. Vimelea vikiingia mwilini huchukua wiki moja hadi nne kabla mtu hajaanza kutetemeka, na mbu naye lazima kwanza avipate kwa mgonjwa na kuvikuza. Wale wa Kaskazini na Wafaransa walifika mwishoni mwa Septemba. Wakati wengi wao wangeanza kuugua, kazi ilikuwa imekwisha na baridi inaanza. Wanamgambo wa Virginia walizaliwa na homa zile, wana kinga ya kiasi. Washington mwenyewe aliugua homa za vipindi tangu ujana. Mwingereza alikuwa na miezi miwili pale, wengine misimu miwili Kusini. Ni sawa na mgeni anayetoka Makete kuhamia Kilombero mwezi wa nne, tunawapokea kila mwaka kituoni.

#12 Sajini Mstaafu
Dokta hapana. Jeshi lenye homa linaweza kukaa ngomeni mwezi na zaidi, nimeona watu wanashika lindo na homa zao. Jeshi lisilo na ngome halikai hata wiki.

Mimi kosa naliweka kwa Cornwallis mwenyewe. Usiku wa kuamkia Septemba 30 aliacha ngome zake za nje, zote isipokuwa moja mbili, bila kupigwa risasi. Sababu? Kapokea barua ya Clinton kwamba msaada utaondoka New York kama Oktoba 5. Akaona bora akusanye watu ndani asubiri. Asubuhi adui akaingia kwenye mahandaki aliyoyachimba Mwingereza kwa jasho lake. Umempa adui wiki nzima bure.

Baadaye ni hesabu ya kitabuni. Usiku wa Oktoba 6, mvua inanyesha, wanachimba handaki sambamba na ngome, mbali kidogo. Oktoba 9 mizinga inaanza. Oktoba 10 manowari ya Mwingereza, Charon, inawaka moto mtoni kwa risasi zilizopashwa hadi kuwa nyekundu. Oktoba 11 handaki la pili, karibu zaidi, lakini haliwezi kufika mtoni mpaka vingome viwili, namba 9 na namba 10, vitoke. Usiku wa Oktoba 14 Wafaransa 400 wakaenda namba 9, Wamarekani 400 chini ya Alexander Hamilton wakaenda namba 10. Bunduki za watu wa Hamilton hazikuwa na risasi, makusudi, ili mtu asifyatue kwa kihoro akawaamsha maadui. Singe tupu. Namba 10 kilianguka kwa dakika kama kumi.

Hapo ndipo Mmarekani alipoweka kichwa, mleta uzi. Na aliumia.

#13 Mpiga Soga wa Ilala
Afande, na namba 9 aliyechukua ni nani? Umejijibu.

#14 Mwalimu Daftari
Hata namba 9 usikimbilie kusema ni Mfaransa. Kikosi kilichoongoza pale ni cha Deux-Ponts, Wajerumani wanaomtumikia mfalme wa Ufaransa. Na ndani ya kingome walikuwemo Wajerumani wengine waliokodishwa na Mwingereza. Wapiganaji wakasikia adui anaita kwa lugha ya nyumbani.

#15 Kijiwe Nongwa
Duh. Sasa uhuru wa Marekani umeletwa na Mjerumani. Endeleeni, nani mwingine?

#16 Binti wa Kivinje
Mwingine ni huyu ambaye hamjamtaja mpaka bandiko la 15: mtu mweusi.

Clinton alitangaza mwaka 1779 kwamba mtumwa wa muasi akikimbilia kwa Waingereza atakuwa huru. Cornwallis alipoingia Virginia maelfu walimfuata, wanaume, wanawake na watoto. Ngome za Yorktown anazozisifia Afande kwamba zilichimbwa kwa jasho la Mwingereza, sehemu kubwa zilichimbwa na hao. Ndui ikaingia kambini. Washington alikuwa amewachanja askari wake tangu 1777, wale wakimbizi hakuna aliyewachanja. Chakula kilipopungua, farasi wakachinjwa kwa mamia na mizoga ikatupwa mtoni, na watu weusi wakafukuzwa ngomeni, wagonjwa, wakabaki katikati ya mizinga ya pande mbili. Afisa mmoja Mjerumani wa upande wa Mwingereza, Johann Ewald, aliandika kwenye shajara yake kwa aibu kwamba walikuwa wamewatumia watu hao kisha wanawarudisha kwa mabwana zao wakatili.

Waliosalimika je? Kifungu cha nne cha mkataba wa kusalimu amri kiliruhusu wenye mali kudai mali yao iliyokutwa ngomeni. Mali maana yake watu. Washington akaamuru wakusanywe. Watumwa 17 wa shamba lake la Mount Vernon walikuwa wametoroka kwa meli ya Waingereza Aprili ile, na baadhi yao wakapatikana palepale Yorktown, wakarudishwa.

Kwa hiyo mleta uzi akiuliza Marekani ilipewa uhuru na nani, mimi nauliza Marekani ipi.

#17 Mla Muhogo
Dada umetunyamazisha. Ila na upande wa Washington weusi walikuwepo, usiwafute. Kikosi cha Rhode Island kiliandikisha watumwa tangu 1778 kwa ahadi ya uhuru, na afisa mmoja wa Rochambeau aliyekiona akiwa njiani alisema robo tatu ni weusi na ndicho nadhifu kuliko vyote. Halafu yule jasusi James, mtumwa wa bwana Armistead, aliyejipenyeza kambi ya Cornwallis na kumpelekea habari Lafayette, jenerali Mfaransa katika jeshi la Washington.

#18 Binti wa Kivinje
Na James alirudishwa utumwani baada ya ushindi. Sheria ya Virginia iliwaachia waliopigana kama askari, yeye akaambiwa jasusi si askari. Lafayette alimwandikia cheti mwaka 1784, na uhuru ukaja 1787. Akajiita James Lafayette. Sijamfuta, nilikuwa namsubiri mtu amtaje vibaya.

#19 Mbeba Boksi Virginia
Niko huku huku. Yorktown ni mwendo mfupi kutoka ninapoishi, wageni wakitoka nyumbani nawapeleka. Mji mdogo mno, kuna ufukwe wa mchanga, wazee wanavua samaki.

Nawaongezea moja. Yale matuta makubwa ya udongo yanayozunguka mji, ambayo kila mtu anapigia picha akidhani ni ya Cornwallis, kwa sehemu kubwa ni ya mwaka 1862, vita vya wao kwa wao, jeshi la Kusini lilijenga juu ya yale ya Mwingereza. Mahandaki ya Washington yenyewe yalifukiwa kwa amri yake baada ya vita, haya ya sasa yamejengwa upya. Kingome namba 10 ukifika usitafute sana, mto umekula ukingo, sehemu kubwa ilishaporomoka majini.

Na Dokta, mbu wapo bado. Wa jioni hasa.

#20 Mla Muhogo
Huko boksi zimepanda bei? Kuna mdogo wangu anataka kuja.

#21 Mbeba Boksi Virginia
Mwambie asubiri, njoo inboksi.

#22 Tumbili wa Upareni
Mimi nasema tamaa. Februari 1781 Admirali Rodney wa Uingereza alikiteka kisiwa cha Sint Eustatius cha Waholanzi, bohari ya biashara yote ya magendo ya Karibi. Akakaa pale miezi anapiga mnada mali za watu. De Grasse alipotoka Ulaya Rodney bado anahesabu magunia. Baadaye akaugua, akarudi kwao na meli kadhaa, akamtuma Hood Amerika na manowari 14 tu. De Grasse yeye akaja na zote alizonazo, 28, hakubakiza hata za kulinda meli za biashara.

Rodney angekuwa kazini, Nahodha asingekuwa na hadithi ya bendera mbili.

#23 Mwalimu Daftari
Na de Grasse aliweza kuja na zote kwa sababu Mhispania alikubali kumlindia mgongo kule Karibi. Si hivyo tu. De Grasse alikuwa Cap-Français, Haiti ya leo, hana fedha. Akatuma meli Havana, na ndani ya saa chache zikachangwa peso 500,000 za fedha. Kabla fedha hizo hazijawafikia, askari wa Washington walikuwa wameanza kunung'unika wakipita Philadelphia, hawajalipwa miezi na miezi. Rochambeau akakopesha nusu ya sanduku lake, wakalipwa mshahara wa mwezi mmoja kwa sarafu, na fedha za Havana zikaja kujaza pengo. Bila Havana sijui kama wangefika.

#24 Kijiwe Nongwa
Orodha mpaka sasa: Mfaransa, mbu, Mjerumani, bendera mbili, magunia ya Rodney, wafanyabiashara wa Kuba. Washington bado tunamtafutia nafasi.

#25 Sajini Mstaafu
Na Clinton je? Yeye ndiye aliyemwamuru Cornwallis atafute bandari yenye kina pale. Msaada aliosema utaondoka Oktoba 5 uliondoka Oktoba 19, siku ileile mwenzake anaweka silaha chini! Ukafika mlango wa ghuba Oktoba 24, askari 7,000 wakageuza. Kuanzia mwisho wa Septemba New York ilikuwa na vikao vya vita na sherehe za kumpokea mtoto wa mfalme, William, kijana wa miaka 16.

#26 Nahodha Mstaafu
Afande, meli zilikuwa zinatengenezwa. Mlingoti wa manowari hauchongwi kwa amri ya jenerali.

#27 Mtu wa Kando
Samahani wakuu, nachelewa. Mbona wote mnachukulia kwamba vita viliishia pale? Baada ya Yorktown Waingereza bado walikuwa na New York, Charleston na Savannah. Mfalme George III alitaka kuendelea. Kilichobadilika ni Bunge la London. Waziri mkuu Lord North akaondoka Machi 1782. Mkataba wa Paris ulitiwa saini Septemba 3, 1783, na New York wakaiacha Novemba mwaka huo. De Grasse mwenyewe alitekwa na Rodney Aprili 1782, vita vya Saintes. Gibraltar ilikuwa bado imezingirwa. Na huku kwetu Bahari ya Hindi, Admirali Suffren wa Ufaransa alikuwa anapigana na Waingereza pwani ya India, kituo chake Mauritius.

Yorktown iliwachosha walipa kodi wa Uingereza. Hilo tu.

#28 Binti wa Kivinje
Umeitaja Mauritius, ngoja niseme. Mwaka uleule wa 1776 Wamarekani walipoandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kichwa, wapelekwe visiwa vya Mauritius na Réunion. Miaka mitano baadaye Ufaransa hiyohiyo inasifiwa Yorktown kama mkombozi.

#29 Mpiga Soga wa Ilala
Dada, hapo sina la kujibu kuhusu Kilwa. Lakini kuhusu Yorktown, hata Mwingereza alijua. Siku ya kusalimu amri Cornwallis alisema anaumwa, akamtuma naibu wake O'Hara. O'Hara akaenda moja kwa moja kumpa upanga Rochambeau! Mwenyewe kaona nani kamshinda.

#30 Mwalimu Daftari
Malizia basi. Rochambeau alimwonyesha Washington. Washington naye hakuupokea, akamwelekeza kwa naibu wake, Benjamin Lincoln, yuleyule aliyelazimishwa kusalimu amri Charleston mwaka 1780 bila kupewa heshima za kivita. Ndiyo maana Waingereza wa Yorktown walitoka bendera zimekunjwa. Kisasi kilikuwa cha Wamarekani, Mfaransa hakuwa na deni la Charleston.

#31 Tumbili wa Upareni
Na Cornwallis hakupewa hata onyo. 1786 kafanywa Gavana Mkuu wa India, 1792 kamshinda Tipu Sultan. Clinton ndiye aliyebaki anaandika vijitabu vya kujitetea.

#32 Dokta wa Kata
Afande Sajini, nakurudia. Oktoba 20, siku moja baada ya kuweka silaha, Cornwallis alimwandikia Clinton taarifa yake. Anasema nguvu zake zilipunguzwa na moto wa adui, lakini hasa na maradhi. Ni maneno ya aliyekuwa ndani, mimi sikuyatunga.

#33 Sajini Mstaafu
Dokta, jenerali aliyeshindwa akiandika kwa bosi wake unategemea aseme nini? Kwamba aliacha ngome zake za nje bila kupigana?

#34 Nahodha Mstaafu
Tena usiku wa Oktoba 16 huyo mwenye jeshi la wagonjwa alijaribu kuwavusha kwa mashua kwenda Gloucester, ng'ambo ya mto. Kundi la kwanza likavuka. Dhoruba ikapiga, mashua zikatawanyika, asubuhi akawarudisha. Sasa niambieni, kama upepo ungetulia usiku ule tungekuwa tunabishana nini hapa?

#35 Dokta wa Kata
Nahodha, wangevuka wangapi wenye uwezo wa kutembea?